Loda inachemsha ikipanda rampu na mzigo: tubadilishe rejeta?

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Tuna loda ya dizeli ya mgodini, chini ya ardhi, injini yake ina kilowati 200. Ikitembea tupu haina shida. Ikipakia na kupanda rampu (njia ya mwinuko ya kutokea mgodini), dakika ya nane hivi geji ya maji inafika nyuzi 103 na kengele inalia. Oili ya konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa kutumia oili, nayo inakimbilia 115. Tumebadilisha thamostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) mara mbili, mwisho tukaitoa kabisa. Rejeta tumeiosha kwa mashine ya presha. Karakana tukiiacha inguruma nusu saa haichemshi. Je, tununue rejeta mpya?

JIBU: Rejeta mpya isubiri. Kwanza rudisheni thamostati, tena leo.

Injini kubwa za dizeli kwa kawaida zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta wakati injini ni baridi. Katika nyingi, thamostati inapofungua mlango wa rejeta ndiyo hiyo hiyo inayoziba njia ya pembeni. Mkiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuonja upepo wa feni. Kwa hiyo mmeongeza tatizo juu ya tatizo. Thamostati hupimwa kwa sufuria ya maji na kipimajoto: iliyogongwa namba 82 ianze kufunguka karibu na 82, na iwe wazi kabisa nyuzi kama 10 hadi 13 juu ya hapo. Kama injini ina mbili, pimeni zote mbili.

Pili, kunguruma karakana hakuthibitishi kitu. Injini isiyo na mzigo inachoma mafuta kidogo sana, hata rejeta iliyoziba nusu inaimudu. Kipimo cha kweli kiko kwenye rampu, ndoo ikiwa imejaa.

Chukueni vipimajoto viwili. Kimoja kifungwe mahali maji yanapoingilia rejeta, kwenye tanki la juu, kwa sababu geji ya kwenye kabini inaweza kudanganya kwa nyuzi kadhaa. Cha pili kining'inizwe mahali hewa inapoingilia rejeta. Hapa watu wengi hukosea. Feni nyingine zinavuta hewa kutoka nje, nyingine zinaisukuma kutoka upande wa injini kwenda nje. Ikiwa yenu inasukuma, hewa inafika kwenye rejeta ikiwa imeshapita juu ya injini ya moto, na hiyo ndiyo mnayotakiwa kupima. Pandeni na mzigo hadi namba zitulie, kisha toeni joto la hewa kwenye joto la maji.

Tuseme maji ni 103 na hewa ni 33. Tofauti ni 70. Tofauti hii, kwa mzigo uleule na thamostati ikiwa wazi kabisa, haibadiliki sana hata hewa ikiwa ya moto au ya baridi, ndiyo maana ni kipimo kizuri. Kama kikomo cha mtengenezaji ni 99, basi loda yenye tofauti ya 70 inaweza kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 29 tu. Ikishushwa hadi 58, itastahimili hewa ya nyuzi 41. Pimeni na loda nyingine ya aina hiyohiyo isiyochemsha, mtapata namba ya kulinganisha. Bila namba hiyo, fundi anabadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Unyevu wa mgodini, ambao husingiziwa mara nyingi, hauna lawama hapa. Binadamu hupoa kwa jasho, rejeta haitoi jasho. Kinachohesabika ni joto kavu la hewa na wingi wa hewa inayopita.

Sasa linganisheni hewa inayoingia kwenye rejeta na hewa ya handaki mita 10 mbali na mashine. Kama feni yenu inavuta kutoka nje na bado hewa ya kwenye rejeta imezidi ile ya handaki kwa nyuzi 8 au 10, basi hewa iliyokwisha kutumika inazunguka na kurudi. Sababu mbili ndizo za kawaida. Ya kwanza ni raba na vipande vya bati vya kuzibia pembeni mwa rejeta vimeng'oka, hewa ya moto inapitia nafasi hizo na kurejea. Ni vipuri vya bei ndogo na ndivyo vinavyosahaulika kurudishwa baada ya matengenezo.

Ya pili iko nje ya mashine kabisa: loda inasafiri pamoja na upepo. Loda inayopanda kwa kilomita 6 kwa saa inakwenda mita 1.7 kwa sekunde. Rampu yenye eneo la mita za mraba 20 inayopitisha mita za ujazo 34 za hewa kwa sekunde ina upepo wa mita 1.7 kwa sekunde. Kama vyote vinaelekea juu, loda imefungwa ndani ya wingu lake lenyewe la moshi na joto kuanzia chini hadi juu. Hali ni hiyohiyo kwenye handaki lisilo na njia ya kutokea upande wa pili, ambako hewa safi huletwa na bomba hadi mwisho na kurudi nje kupitia handaki lenyewe: loda ikitoka na mzigo, hewa iliyotumika inatoka nayo. Jaribio ni rahisi: badilisheni mwendo. Panda kwa gia iliyo chini zaidi na mara nyingine kwa iliyo juu, uone kama hewa ya kwenye rejeta inashuka. Ikishuka, zungumzeni na msimamizi wa hewa. Makadirio yanayotumika sana ni mita za ujazo 0.05 hadi 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini ya dizeli, yaani 10 hadi 12 kwa loda yenu peke yake. Lori likiwa kwenye njia hiyohiyo, jumlisheni na la kwake. Bomba la upepo lililochanika hupoteza hewa nyingi kabla haijafika mwisho, kwa hiyo kipimo kichukuliwe pale mashine ilipo, si kwenye feni ya bomba hilo.

Hiyo 115 ya oili ya konveta inanifanya niitilie shaka zaidi konveta kuliko rejeta. Konveta inapoteleza, nguvu isiyofika kwenye magurudumu inageuka joto ndani ya oili. Injini ikitoa kilowati 200 na konveta ikipitisha asilimia 75 tu, kilowati 50 zinaingia kwenye oili, kama jiko kubwa lililowashwa chini ya mashine. Kwenye loda nyingi oili hiyo inapozwa na maji yaleyale ya injini, au kipozeo chake kimekaa mbele ya rejeta na kuipashia hewa moto kabla haijafika. Ndiyo maana joto la konveta na la maji hupanda yakifuatana.

Angalieni dereva anapanda na gia gani. Gia ya juu mno kwenye mteremko mkali inaifanya loda itambae huku konveta ikiteleza na mizunguko ya injini ikishuka. Mizunguko ikishuka, pampu ya maji nayo inapunguza kasi, na feni pia kama inaendeshwa na injini moja kwa moja. Joto jingi, upoozaji mdogo. Ashushe gia moja, injini izunguke karibu na kasi yake ya nguvu kamili. Kama konveta ina kifungio cha kuizuia isiteleze, hakikisheni kinashika. Kwenye mashine nyingi kikomo cha oili ya konveta ni 120, hivyo 115 si namba ya kuvumilia kila safari.

Mkiwa hapo pimeni breki. Breki za mafuta zinazofungwa na springi na kuachiwa na presha huanza kukwaruza presha ya kuachia ikipungua, na loda inapanda huku imeshikwa miguu. Endesheni mita 300 kwenye njia tambarare bila kugusa breki, kisha piga kipimajoto cha mwanga (kinachopima bila kugusa) kwenye kila kitovu cha gurudumu. Kitakachozidi vingine waziwazi kinakwaruza. Vyote vinne vikiwa vya moto, pimeni presha ya kuachia.

Kuhusu kuosha. Vumbi la mwamba likichanganyika na mvuke wa oili na dizeli linakuwa kama saruji katikati ya mapezi ya rejeta. Mashine ya presha ikielekezwa karibu, na kutoka upande hewa inapoingilia, inalisukuma uchafu ndani zaidi na kulaza mapezi. Paka dawa ya kukata grisi, subiri dakika 15, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu ya presha ndogo kutoka upande hewa inapotokea, mkondo ukiugonga uso wa rejeta moja kwa moja, si kwa mshazari. Muhimu zaidi: vipozeo vya oili, vya hewa ya tabo (kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini) na vya maji mara nyingi vimepangwa kimoja mbele ya kingine, na uchafu mwingi uko katikati yake, mahali jicho halifiki. Vifungueni mvitenganishe. Ukiweka taa upande mmoja unatakiwa kuona mwanga upande wa pili kila mahali.

Baada ya hapo pitisheni kipimajoto cha mwanga kwenye uso wa rejeta injini ikiwa na mzigo. Sehemu ya baridi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba kwa ndani. Pimeni pia maji yanapoingia na yanapotoka. Kwa mzigo kamili, tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 ni ya kawaida. Ikiwa kubwa zaidi, maji yanapita kidogo: pampu imechoka, au mpira wa upande wa kuvutia unajikunja kwa ndani mizunguko ikipanda. Ikiwa ndogo sana huku maji ni ya moto, hewa ndiyo haitoshi: feni inazunguka polepole, mkanda unateleza, au feni imefungwa kinyume. Feni ya haidroliki ipimwe mizunguko kwa takometa, yaani kipima mizunguko.

Kifuniko cha rejeta kipimwe kwa pampu ya mkono. Cha kilopaskali 100 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kama 20. Raba yake ikichoka, maji yanachemka kuzunguka silinda hedi kabla geji haijasema lolote. Maji ya kujaza yawe safi, nusu kwa nusu na glaikoli (dawa ya maji ya rejeta). Glaikoli ikizidi theluthi mbili inazuia joto badala ya kulisafirisha. Maji ya mgodini yasiguse rejeta, chumvi zake hujenga ukoko ndani ya injini. Chujio la hewa libadilishwe pale geji yake inapofika kilopaskali 6.2. Mgandamizo wa nyuma kwenye eksozi upimwe pia, kwa sababu kichujio cha moshi kilichoziba hupandisha joto la injini nzima. Kikomo chake kimo kwenye kitabu cha injini.

Wakati huo mnapochunguza, dereva aelewe hivi: kengele ikilia asizime ghafla. Asimame mahali pana, aweke gia huru, injini izunguke nusu ya kasi hadi geji ishuke, kisha dakika 3 hadi 5 za kunguruma taratibu ili tabo ipoe, ndipo azime. Akiona maji yanamwagika, kengele ya presha ya oili ikiwaka au akinusa kitu kinachoungua, azime papo hapo na ashike kizima moto. Kifuniko kisiguswe kabla maji hayajashuka chini ya nyuzi 50.

Kwa loda yenu ningeanza na thamostati, kisha gia, kisha breki, kisha kutenganisha vipozeo, na kupima ile tofauti baada ya kila hatua ili mjue ni ipi iliyoishusha. Ikiwa baada ya yote hayo tofauti bado ni 65 au zaidi huku loda mwenzake ana 58, na uso wa rejeta una madoa ya baridi, hapo ifungueni mkaipime mtiririko wa maji. Ikishindwa kipimo hicho, nunueni mpya.