Shangazi, mama mkwe amemzuia binti yangu maarufu

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Binti yangu wa pili ana miaka tisa na ni staa wa vichekesho. Instagram ana wafuasi laki nne na nusu, TikTok anakaribia milioni. Kampuni za sabuni na juisi zinatutafuta, redio na televisheni zinamhoji, tukipita mtaani kila mtu anataka picha. Mume wangu, fundi magari, hanisapoti kabisa. Likizo ya mwezi wa sita alimpeleka mtoto kwa bibi yake Muheza, na shule zilipofunguliwa akamhamishia huko huko. Mama mkwe anasema mjukuu wake si wa maonyesho. Tumekosa tangazo la mamilioni, na watu wa blogu za udaku wananipigia usiku kuuliza mtoto yuko wapi. Mtoto mwenyewe anapenda kazi yake, ila siku hizi anadeka, akiona kamera anasema tumbo linauma. Nahisi mama mkwe ana wivu. Niende ustawi wa jamii au nidai talaka?*

Marahaba mwanangu.

Pole kwa kukaa mbali na mwanao, na pole kwa hizo simu za usiku. Pole yangu inaishia hapo, maana kila nikiirudia barua yako naona mama mkwe wako anazidi kuwa na haki.

Wafuasi umewahesabu vizuri. Darasa analosoma mtoto hukulitaja. Kama huko Muheza anakula, analala, amepata rafiki, hukugusia. Tangazo lililopotea umelikumbuka.

Halafu unaniambia anapenda kazi yake, papo hapo unasema akiona kamera tumbo linamuuma. Huko si kudeka. Mtoto wa miaka tisa hajui kusema "nimechoka kutazamwa", anasema tumbo. Ulinitumia na linki, nikafungua. Ile video ya maziwa yaliyomwagika nimeirudia mara kadhaa. Kabla hajaanza kuchekesha anatupa jicho pembeni, upande uliosimama wewe na simu yako, midomo imebana, anasubiri. Ukishampa ishara ndipo anacheka. Watu wameona kicheko, lakini bibi yake nadhani aliona yale macho ya mwanzo.

Na maoni ya chini unayasoma? Wanaume wazima wanamwita mchumba. Video nyingine yuko na sare, nembo ya shule inaonekana, na nyuma yake kibao cha duka kinasomeka. Mtu mwenye nia mbaya akitaka kujua binti yako anapita wapi akitoka shule, umeshamwelekeza.

Unasema mumeo hakusapoti. Mimi nasema huyo mwanamume alisema hadi akachoka. Fundi haachi magari ya wateja gerejini, akapanda basi na mtoto hadi Muheza na kumtafutia uhamisho wa shule, kwa hasira ya siku moja. Alikwambia, wewe ukamjibu kwa idadi ya wafuasi. Kosa lake ni moja: alipaswa kukueleza kabla ya kuondoka, kwa sababu mtoto ni wenu wote. Hilo nitamwambia hata mbele yako. Lakini kumwondoa mtoto kwenye moto si kosa.

Sijui nani aliwadanganya kina mama wa mjini kwamba kila mtoto mwenye kipaji lazima awe wa watu wote. Mwaka 2015 tuliona kichanga cha Diamond Platnumz na Zari kikiwa na ukurasa wake Instagram, wengi wakatamani. Wale wana geti, walinzi, gari lenye vioo vyeusi na mwanasheria wa kumpigia simu. Wako anasubiri daladala kituoni na begi mgongoni. Umaarufu umempa, uzio hukumpa. Na hata wenye uzio wanahangaika. Michael Jackson, pamoja na fedha zake zote, alikuwa akiwafunika wanawe nyuso kila akitoka nao hadharani. Alikua mbele ya kamera tangu utotoni, alijua zinachukua nini.

Tuje kwenye fedha, ambazo umezizunguka. "Zinatutafuta", "tumekosa". Mikataba anasaini nani? Malipo yanaingia kwenye simu ya nani? Marekani kulikuwa na mtoto akiitwa Jackie Coogan, aliigiza filamu na mchekeshaji Charlie Chaplin mwaka 1921 akawa tajiri kabla hajabalehe. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu kila kitu, akawapeleka mahakamani mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kumwekea mtoto msanii sehemu ya kipato chake hadi akue. Mama kufikishwa kortini na mwanawe wa kumzaa! Sikuombei yakufike. Najua ada na kodi ya nyumba zinabana, lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa ndiye anayebeba nyumba.

Ustawi wa jamii unakokutaja, nenda ukijua watakuuliza nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mzazi kumtumia mtoto kwa jambo linaloweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake, na umri wa kuajiriwa inauanzia miaka 14. Instagram wenyewe wanataka miaka 13. Jirani zetu Kenya mwaka 2023 waliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwako idhini umeitoa wewe, ila baba yake hakuitoa, na mtoto amekuambia kwa tumbo lake kwamba hataki.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Uchumba hadharani, ujauzito hadharani, mtoto hajatolewa nje watu wameshapewa sura yake. Mume akinuna, picha, wakipatana, picha. Wakija kugombana kweli, watazamaji hawapatanishi, wanachagua upande na kuomba sehemu ya pili. Wazee wetu walikuwa na siri za ndani, na siri ile iliwalinda watoto kuliko mtu mzima yeyote. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii unayoivumisha ni ya mwanao.

Sasa fanya hivi. Futa kwanza video zote za sare, za kuoga na za kulia. Usizifiche, zifute. Wanaokupigia usiku wajibu neno moja, kwamba mtoto yuko shule, na usiwatajie wilaya wala kijiji. Fedha zilizobaki mfungulie akaunti ya mtoto benki, na risiti mpe baba yake aziweke. Halafu panda basi uende Muheza. Simu iache ndani ya mkoba. Ukifika usianze na lawama: msalimie mama mkwe, mshukuru kwa malezi, kaa jikoni umsaidie kukuna nazi. Mtoto muulize kuhusu shule mpya, ya video usiyataje mpaka ayataje yeye. Akisema anataka kurudi kuchekesha, mtakaa wewe na mumeo mpange, labda mchezo wa kufunga mwaka shuleni kwao, mbele ya wazazi wenzenu. Akisema hataki, biashara imefungwa.

Talaka usiitaje tena. Mwanamume aliyekubali kuchukiwa na mkewe ili mtoto alale usingizi, hupeleki kesi yake kokote. Mpigie leo jioni akitoka gereji, umwambie unaomba muende Muheza wote wawili.