Punje Nane kwa Nane: Kuwaonjesha Watoto Ushairi kwa Mikono Yao

Mara ya kwanza nilipokusudia kuwafundisha wanangu ushairi, nilianza na istilahi: mizani (idadi ya silabi), vina (silabi za sauti moja zinazojirudia), ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, yaani mstari wa shairi). Niliziandika ubaoni na kuwataka wazikariri, na dakika kumi hazikutimia kabla mdogo hajaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Nilimruhusu kwa huzuni, kwa kuwa mimi mwenyewe niliupenda ushairi nikiwa na umri wake kwa kumsikia babu akighani, wala si kwa kukariri. Tangu hapo nimebadili njia, na kila Jumamosi alasiri tunaketi barazani kwetu, hapa Tanga, pamoja na mama yangu na majirani.

Tunaanza na maharage. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, kwa hiyo kila mtoto hupewa punje 16, naye huzipanga juu ya mkeka katika mafungu mawili, punje moja kwa kila silabi anayoitamka. (Kwa watoto wadogo sana tumieni vizibo vya soda, kwani punje huingia puani kwa urahisi.) Siku moja binti yangu wa miaka tisa alitunga: "Mama anapika wali, harufu iko mlangoni." Alizipanga punje zake, zikatosha, akafurahi. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alimwomba aurudie, maana sikio lake lilihisi kuna kilichozidi. Kumbe mtoto alikuwa ameihesabu "mla" kuwa silabi moja, ilhali "m" ile husimama peke yake na kudai punje yake: m-la-ngo-ni. Kipande cha pili kilikuwa na mizani tisa. Ndipo bibi alipomfundisha kufupisha "iko" ikawa "i", na mshororo ukatulia: "harufu i mlangoni." Mama yangu hajui kwamba vitabuni jambo hilo huitwa inkisari, alilipata kwa kusikiliza mashairi ya wazee wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wakubwa wa nyumbani wasiachwe nje ya kazi hii, hata wale wasiojua kusoma.

Vina tunavifundisha kwa rangi. Kina cha kati hupakwa rangi moja na cha mwisho nyingine, na rangi si lazima zinunuliwe: bizari ya manjano ikikorogwa kwa maji inatosha, na rozela iliyochemshwa hutoa wekundu mzuri. Mtoto alipoongeza mshororo wa pili, "Paka amekaa mbali, achungulia jikoni," aliona "li" chini ya "li" na "ni" chini ya "ni", safu mbili za rangi zikishuka sambamba, na hakuhitaji maelezo yangu tena.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya kanga. Kila mtoto wa pwani ameiona kanga tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na anajua kwamba ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Tunachukua karatasi ya manila, tunachonga viazi kuwa mihuri, tunagonga pindo pande zote, kisha mji unachorwa kwa hiari ya mtoto na mshororo wake unaandikwa mahali pa jina. Tafadhali msimchagulie picha wala msimsahihishie maana. Kama paka wake ni wa kijani, na awe wa kijani. Kinachosahihishwa ni mizani pekee, na hicho nacho kisahihishwe kwa punje, ili mtoto aone mwenyewe palipopungua au palipozidi.

Mwishoni tunazianika kanga kwenye kamba, na kila mmoja anaghani mshororo wake kwa sauti anayoitaka. Ubeti wetu wa wali na paka bado unadai mishororo miwili ili utimie minne, na Jumamosi ijayo tutaanzia hapo.