Barua kwa Mwanangu: Bei ya Bunduki za Mayfair

Mwanangu mpendwa Rehema,

Barua yako imenifikia, na sote hapa Arusha tu wazima wa afya. Mama yako anakusalimu wewe, mumeo na wajukuu wetu. Unasema ulipita South Audley Street, katika mtaa wa Mayfair huko London, ukasimama mbele ya duka la Purdey, na mwenzako wa kazini akakuambia kwamba bunduki mpya ya marisawa, yaani ya vipira vidogo vingi vya kupigia ndege, inayotengenezwa na watu wale huanzia zaidi ya pauni 100,000 kabla ya kodi. Ukataka kujua ndani ya bunduki hiyo kuna nini, na kama mtu asiye na nia ya kununua anaruhusiwa kuingia humo na kutazama. Kisha mwisho kabisa wa barua, kwa maandishi madogo kana kwamba hukutaka niyaone, ukaongeza kwamba mumeo ameanza mchezo wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani siku za Jumamosi na sasa anazungumzia kununua bunduki ya Kiingereza. Kwa kuwa riziki iliyokusomesha niliipata kwa kutengeneza bunduki za wageni wa kampuni za uwindaji, sina budi kukujibu kikamilifu.

Bei uliyotajiwa ni ya kweli. Ukiongeza kodi ya asilimia 20 inayotozwa Uingereza, bunduki ya pauni 100,000 inakuwa ya pauni 120,000, nayo kwa shilingi zetu ni mamia ya milioni. Wala mtu halipi leo akaondoka nayo leo, kwa maana hutengenezwa kwa agizo, na mteja hungoja miaka miwili au zaidi. Malighafi haiwezi kufikisha bei hapo, ingawa gogo la mjozi wa Uturuki lenye mishipa mizuri ya rangi ya asali na nyeusi nalo si rahisi. Unacholipia hasa ni mshahara wa mafundi, kwa mamia ya saa, katika jiji ambalo wewe mwenyewe unajua kodi ya chumba kimoja ni kiasi gani.

Kazi yenyewe imegawanywa tangu zamani, na kila mmoja ana yake: yuko fundi wa mitutu, fundi wa mtambo (ile sehemu ya chuma inayoifunga na kuifyatua bunduki), fundi wa kitako, mchora nakshi, na yule anayekusanya kila kitu na kukikamilisha. Mitutu miwili haigundishwi tu ubavu kwa ubavu. Huelekezwa kwa hesabu ndogo sana ili marisawa ya mtutu wa kulia na ya mtutu wa kushoto yaangukie mahali pamoja, na fundi wake huitazama kwa ndani akielekea kwenye mwanga, akisoma vivuli vinavyomwambia kama chuma kimepinda. Aliyejifunza kusoma vivuli hivyo hakujifunza kwa mwaka mmoja.

Lakini jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko mengine ni kazi ya masizi. Fundi wa mtambo hupaka chuma masizi ya taa ya mafuta, hukifunga mahali pake, hukifungua tena, kisha hutazama ni wapi masizi yamehamia. Pale yalipogusa huondoa chuma kwa tupa, kidogo sana, hupaka tena, hufunga tena. Huendelea hivyo mpaka masizi yanapogusa kila mahali kwa usawa, na hapo ndipo anaposema kwamba mitutu imekaa. Fundi wa kitako naye hufanya vivyo hivyo kati ya chuma na ubao kwa patasi, ndiyo maana katika bunduki iliyo bora huwezi kuingiza hata unywele kati ya mti na chuma. Mimi nimefanya kazi ya namna hii nikirekebisha bunduki za wageni zilizolegea kwa umri, na nakuhakikishia kwamba siku nzima inaweza kwisha mkononi bila mtu mwingine kuona ulichokifanya. Siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata umbo la kwanza la mtambo, hata katika viwanda vya majina makubwa, na wako wazee wa kazi hii wanaolalamika. Sikubaliani nao. Kumtoa mtu jasho kwa kuondoa chuma ambacho mashine ingekiondoa vizuri zaidi si ufundi. Ufundi unaanza pale mashine inapoishia.

Sehemu nyingine ya bei ni jina, nalo nitakueleza lilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 bingwa wa kutengeneza bunduki London alikuwa Joseph Manton, na katika karakana yake ndiko alikofanya kazi James Purdey kabla ya kujitegemea mwaka 1814. Thomas Boss naye alitokea huko huko. Manton, pamoja na ubingwa wake, alifilisika mwaka 1826, na wanafunzi wake ndio waliotajirika. Jengo uliloliona lilijengwa na mwana wa Purdey, aliyeitwa James kama baba yake, katika miaka ya 1880. Mtambo unaotumika hadi leo katika bunduki zao za mitutu ya sambamba, yaani ubavu kwa ubavu, ulibuniwa na Frederick Beesley, aliyekuwa amewahi kuwa fundi wao, akaupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1880 na kuwauzia. Sifa yake ni kwamba baada ya kufyatua, springi zile zile za mtambo huisaidia bunduki kufunguka yenyewe, na mpigaji hutumia nguvu zake wakati wa kuifunga tu. Anayeishika mara ya kwanza hudhani imekwama, kumbe wakati wa kufunga ndipo anapoitega kwa mapigo yanayofuata.

Holland & Holland, watengenezaji wengine wa bunduki wa London, ilianzishwa mwaka 1835 na Harris Holland, mfanyabiashara wa tumbaku aliyependa kulenga shabaha. Kampuni ya yule Thomas Boss ndio walioleta mwaka 1909 bunduki ya mtutu juu ya mtutu ambayo wengi wameiga, nao hujivunia kwamba hawajawahi kutengeneza daraja la pili. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kilicho cha Kiingereza mlangoni ni cha Kiingereza katika hati: Purdey ni mali ya Richemont, kampuni ya Uswisi inayomiliki pia Cartier, na Holland & Holland ilikuwa chini ya Chanel ya Ufaransa kabla ya kununuliwa na Beretta ya Italia mwaka 2021. Silisemi hili kwa ubaya. Biashara inayouza vipande vichache kwa mwaka, na kila kipande kikidai mamia ya saa za binadamu, huhitaji mwenye mfuko mrefu nyuma yake.

Kuhusu kuingia, ingia. Maduka haya huwa na kengele mlangoni kwa sababu ya usalama, wala si kwa ajili ya kumchuja mtu kwa sura yake, na kutazama hakuhitaji kibali chochote cha polisi. Vaa nguo safi kama unayekwenda ofisini, wasalimie, na useme waziwazi kwamba hununui ila baba yako alikuwa fundi wa bunduki na amekutuma uangalie kazi. Nilipokwenda London kwa shughuli za kampuni niliingia katika maduka ya namna hiyo kwa maneno hayo hayo, na mara nyingi muuzaji alifurahi zaidi kuzungumza nami kuliko na mtu aliyekuja na hundi, kwa kuwa mwenye hundi huuliza tarehe ya kumaliza na mimi niliuliza kuhusu tupa.

Vua pete kabla ya kushika chochote, kwa sababu pete hukwaruza ubao uliopakwa mafuta ya kitani kwa wiki nyingi. Usiipokee bunduki kabla hujaonyeshwa kuwa imefunguliwa na ni tupu, usiielekeze kwa mtu hata ikiwa tupu, na usifyatue bila kuruhusiwa. Kisha waombe kwa adabu wakuondolee bamba moja la pembeni lenye mtambo. Nakshi za nje, yaani yale maua madogo na mizunguko iliyochorwa kwa mkono, kila mtu huzisifu, nazo zinastahili. Lakini wewe tazama upande wa ndani wa bamba hilo, ambako mwenye bunduki hatazami pengine maisha yake yote. Utakuta kila kipande kimesuguliwa mpaka kinang'aa kama kioo. Ukishauona upande huo utakuwa umeuona ufundi ambao bei yake ilikushangaza.

Katika maduka haya utaona pia mambo ya kwetu: pembe, picha za safari, na bunduki nzito za risasi moja moja zilizotengenezwa kwa ajili ya tembo na nyati. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909 alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na Waingereza waliompenda. Duka hutunza kumbukumbu ya namba ya kila bunduki na jina la aliyeiagiza, ila aliyeibeba jua lote kutoka kambi hadi kambi hakuandikwa popote katika daftari hizo. Ningependa uingie ukilijua hilo, kisha uendelee kutazama.

Sasa mkwe wangu. Mwambie kwa heshima zote kwamba asinunue bunduki mpya ya Mayfair, na nadhani hata yeye hana nia hiyo. Lakini pia asikimbilie bunduki kuukuu ya Kiingereza kwa sababu ya jina lililochorwa ubavuni. Bunduki ya mitutu ya sambamba ya London ina uzito wa kilo tatu hivi, nayo ilitengenezwa ili ibebwe na kuinuliwa upesi kwa ndege. Anayepiga visahani mia kwa asubuhi moja atapigwa begani na uzito huo mdogo, na ataichosha bunduki pia. Kwa mchezo wake, bunduki ya mtutu juu ya mtutu iliyotengenezwa Italia au Japani, kwa pauni elfu chache na hata chini ya hapo ikiwa imetumika, itamfaa zaidi. Kanga hajui bei ya bunduki iliyomwangusha, na kisahani cha udongo ndiyo kabisa.

Kabla ya yote apate cheti cha polisi na kabati la chuma la kufungia, maana bila cheti hawezi kununua. Halafu aende kwenye shule ya kulenga shabaha akapimwe kwa bunduki ya majaribio, ile yenye kitako kinachorefushwa, kinachoinamishwa na kinachokengeushwa kulia au kushoto mpaka kikubaliane na bega, shavu na jicho lake. Vipimo hivyo vitamsaidia kuliko jina lolote, na fundi wa kawaida anaweza kurekebisha kitako cha bunduki ya bei nafuu kivifuate.

Akishikilia kwamba lazima iwe ya Kiingereza, na wanaume wa umri wake huwa wanashikilia, basi atafute ya Birmingham. Mwaka 1875 Anson na Deeley, watu wawili wa Westley Richards, kampuni ya bunduki ya huko, walibuni mtambo wenye vipande vichache unaokaa ndani ya mwili wa bunduki badala ya kwenye mabamba ya pembeni. Ni imara, ni rahisi kutengeneza, na kwa kuwa hauna fahari ya ule wa London, bunduki zake nzuri za zamani huuzwa mnadani kwa mamia ya pauni tu au elfu chache. Mimi ningechukua hiyo kuliko ya London iliyochoka.

Aikague hivi. Aondoe ubao wa mbele, aishike bunduki kwenye kitako na kuitikisa. Ikicheza pale mitutu inapokutana na mtambo, aiache. Aining'inize mitutu peke yake na kuigonga kidogo kwa kucha. Inapaswa kulia kama kengele, na ikitoa sauti iliyokufa, kiungio kati ya mitutu kimeachia. Amwombe muuzaji apime unene wa kuta za mitutu mbele yake, kwani mingi imesuguliwa kwa ndani kuondoa kutu mpaka imekuwa myembamba. Aulize urefu wa chemba, yaani mahali risasi inapowekwa ndani ya mtutu, kwa sababu bunduki nyingi za zamani zina chemba ya inchi mbili na nusu, na risasi ndefu za kisasa hazifai humo. Aulize pia kuhusu marisawa ya chuma, kwa kuwa serikali ya Uingereza imetangaza kuyaondoa yale ya madini ya risasi, na mitutu mingi ya zamani haikupimwa kwa chuma.

Juu ya yote atazame mihuri. Sheria ya Uingereza inataka kila bunduki inayouzwa iwe imefyatuliwa kwa baruti ya kupita kiasi katika nyumba ya ukaguzi, ama ile ya London ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, ama ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, kisha kupigwa muhuri chini ya mitutu. Mitutu ikipanuliwa kupita kiwango, muhuri ule hauna kazi tena na bunduki hurudi kupimwa upya. Kabla hajalipa senti moja, apige picha mihuri hiyo ikiwa safi na yenye mwanga wa kutosha, pamoja na namba ya bunduki na upande wa chini wa mitutu, anitumie kwa simu, nami nitamjibu siku hiyo hiyo.

Nisalimie watoto.

Baba yako.