Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Stoo ya Kemikali

SWALI: Mimi ni teknishani wa maabara katika chuo kimoja hapa Tudor. Funguo nne za stoo yetu ya kemikali tunazijua, wa tano haujulikani uko kwa nani. Mkuu wa idara anataka mlango wa kadi, wenzangu wanasema stima haina uhakika. Tufanye nini?

JIBU: Anzeni na huo wa tano. Ufunguo uliopotea hausakwi; hubadilishwa silinda ya kitasa, yaani kile kipande kinachopokea ufunguo, kazi ya skrubu moja, na mlango hauguswi. Chagueni silinda ambayo ufunguo wake hauchongwi vibandani. Kisha funguo ziwe tatu: wa mwenye stoo, wa naibu wake, na mmoja ofisi ya usalama ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi juu ya gundi. Kila mmoja ufungwe kwenye kipande cha mbao kirefu kama kiganja. Usioingia mfukoni hauendi nyumbani.

Kadi ni nzuri, lakini inajua nani kaingia saa ngapi. Haijui katoka na nini. Mkiamua kuiweka, kabla ya bei muulizeni fundi: stima ikipotea, mlango unabaki vipi? Kitasa cha sumaku hushika kwa umeme tu, stima ikienda mlango uko wazi. Chenye nguvu ya kilo 280 hula kama nusu ampea kwa volti 12. Betri ya ampea-saa 7 itawapa saa 14 kwenye karatasi. Kwa joto la Mombasa na betri iliyochoka, msitegemee hata nusu yake. Stoo inataka kitasa kinachobaki kimefunga kwa nje, na mkono wa ndani unaofungua bila kadi, bila ufunguo, bila stima. Hili la mkono halina mjadala: chupa ya amonia ikipasuka mle ndani, aliyemo hana muda wa kutafuta ufunguo.

Mlango ukifungukia nje, bawaba nazo ziko nje, na pini hutolewa kwa nyundo na msumari. Zichomelewe. Tundu la hewa juu ya mlango litiwe nondo, lisizibwe. Mvuke unataka pa kutokea.

Halafu daftari, ambalo wengi hulidharau. Andikeni tarehe, kemikali, uzito wa chupa ikitoka, uzito ikirudi, jina na sahihi. Chupa ipimwe nzima na kifuniko chake. “Gramu 5” za makisio hazionyeshi upungufu wowote. Potasiamu pamanganeti, ambayo kila maabara inayo, imo katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa kuwa hutumika kusafishia kokeini. Hiyo na sianidi zikae kabati la ndani, na ufunguo wake asiushike yule mwenye ufunguo wa mlango.

SWALI: Nafanya uzamili, majaribio yangu ni ya usiku, na nanyimwa ufunguo. Ni haki? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Ni haki. Chukua mahitaji ya usiku kabla stoo haijafungwa: mililita 250 za etanoli, si chupa ya lita 2.5. Bandika jina la kemikali, lako na tarehe. Kinachobaki kifungiwe kabati la maabara, kirudi daftarini asubuhi.

SWALI: Fundi alituambia kufuli ya shaba njano haili kutu ya bahari. Yetu imepasuka shingoni. Kwa nini? (Mwalimu, Likoni)

JIBU: Kwa chumvi ya bahari fundi alisema kweli. Kilichoipasua huenda ni amonia: mvuke wake, pamoja na unyevu, hupasua shaba njano iliyo kwenye mkazo. Tazameni shingo za chupa. Mkiona unga mweupe, amonia na asidi haidrokloriki zimekaa jirani na vifuniko vinavuja. Mivuke hiyo ikikutana hufanya amoniamu kloridi, ndio unga huo. Zitenganisheni, badilisheni vifuniko, asidi ishuke rafu ya chini. Kufuli mpya iwe ya chuma cha pua cha daraja 316. Vifuniko visipobadilishwa, nayo italiwa, ila polepole.