Kituo cha wazazi si mahali pa kumwacha mtoto mlangoni

Juzi mama mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Mwanawe ana mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalovuruga misuli na mwendo; ametimiza miaka mitatu hajaweza kukaa mwenyewe, na ndugu wanamshauri amtafutie kituo cha watoto wenye hali kama yake. Baada ya maelezo yote yale akauliza: "Dada, huko watamtibu kweli, au nitamaliza nauli bure?"

Mama mwenzangu, nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani mmoja katika kila watoto 10. Kila mmoja wao ana mtu anayembeba, anayemlisha, anayeamka usiku kumgeuza. Huyo ndiye ninayesema naye leo.

Kwanza nikwambie lile gumu. Hakuna kituo kinachoponya mtindio wa ubongo. Jeraha lenyewe la ubongo halizidi kukua, lakini misuli isiposhughulikiwa inakaza na viungo vinakakamaa, na mguu ulionyooka mwaka huu waweza kukataa kunyooka mwakani. Kwa hiyo usikae ukingoja. Lakini ukikutana na mtu anayekuahidi kwamba mtoto atatembea baada ya wiki kadhaa, mradi ulipe zote mapema, mbebe mwanao uondoke.

Nami nina mtoto mwenye hali hiyo. Mahali pa kwanza nilipopelekwa naye palikuwa na sifa kubwa. Mtaalamu alikuwa akimpokea mwanangu mlangoni, anafunga mlango, mimi nabaki kwenye benchi nikisikiliza anavyolia. Analetwa ameloa jasho. Nikiuliza mmemfanyia nini, naambiwa "mazoezi". Siku moja nikauliza ni mazoezi gani ili nami nimfanyie nyumbani. Nikajibiwa mbele ya wazazi wengine kwamba akina mama wanaouliza sana ndio wanaowachelewesha watoto wao. Sitaficha, neno lile linaniuma mpaka leo. Mzazi anayetaka kujua anamchelewesha nani?

Mahali pa pili paliendeshwa na wazazi wenyewe. Chumba kimoja, mikeka, viti vichache vya mbao vyenye mikanda. Mama aliyenipokea naye ana binti mwenye hali hiyohiyo, mkubwa kuliko wangu. Hakuniomba faili. Aliniambia nimlishe mtoto palepale, yeye akae atazame.

Wakati ule nilikuwa namlisha kama kila mtu alivyonielekeza: amelala mapajani, kichwa kimeangukia nyuma. Kila kijiko ni kupaliwa, kukohoa, machozi. Yule mama akamchukua polepole, akamkalisha wima kwenye kiti, nyonga zimekunjwa vizuri, nyayo zimepata pa kukanyaga. Akaweka kiganja nyuma ya shingo yake na kukiinamisha kidevu kidogo tu. Kijiko akakileta kutokea mbele, usawa wa mdomo. Akagandamiza ulimi kidogo, akakitoa, akangoja. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwona anaongeza kingine, yeye akaendelea kungoja. Nikaona koo la mwanangu linapanda, linashuka. Kikohozi hakikuja.

Ndipo akanieleza kwamba kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inakaa wazi na chakula kinateleza kuelekea mapafuni, na vifua vingi visivyokauka vya watoto wetu huanzia kwenye kijiko. Akanisisitizia pia kwamba mtoto anayepaliwa sana lazima aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kumeza, maana kuna watoto ambao kuwakalisha vizuri peke yake hakutoshi. Nami nakusisitizia hivyohivyo.

Leo mwanangu anakula mezani na nduguze. Majuzi daktari wake alipoona uzito wake kwenye mizani aliniuliza nimempata wapi mtaalamu. Nikamjibu nikiwa nimenyanyua kichwa: kwa mama mwenzangu.

Basi jibu la swali lako ni hili. Kipime kituo kwa ujuzi unaoondoka nao wewe. Mtaalamu anakaa na mtoto saa moja. Saa zilizobaki ni zako, na mtoto anakua katika hizo. Hata Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 ambao ukuaji wao umechelewa, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Anayefundishwa humo ni mlezi: jinsi ya kutumia mchezo, kuvaa, kuoga na kula kumfundisha mtoto kuwasiliana. Kama ukirudi nyumbani hujui jambo hata moja la kufanya kesho asubuhi, hicho kituo hakijakusaidia, hata kama kuta zake zimepakwa rangi nzuri namna gani.

Na usidhani vituo hivi tulizawadiwa na wakubwa. Mwaka 1946 huko Uingereza, Judy Fryd, mama wa binti mwenye ulemavu wa akili, aliandika katika jarida akiwaita wazazi wenzake waungane. Chama kilichozaliwa hapo ndicho leo kinaitwa Mencap. Mwaka 1971 wazazi wa Omaha, Marekani, walianza utaratibu wa kumuunganisha mzazi mpya na mzazi mzoefu, na mwaka 1983 sheria ya nchi hiyo ikatenga fedha za vituo vya mafunzo na taarifa kwa wazazi. Wazazi walitangulia, serikali zikafuata. Kwa hiyo ukiingia kituoni usiingie kama mwombaji.

Haki unayo, na imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 23 kwamba nchi zitawapa watoto wenye ulemavu na familia zao taarifa, huduma na msaada mapema, na kwamba mtoto hatatenganishwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu. Ibara ya 24 inahusu elimu. Mimi sikuyajua haya mpaka shule moja ilipomkataa mwanangu kwa mdomo, tumesimama getini. Wenzangu wa kituoni wakaniketisha tukaandika barua: tarehe, jina la mtoto, ombi la nafasi, na sentensi moja inayotaka sababu za kukataliwa zitolewe kwa maandishi. Nakala ikabaki kwangu. Mwalimu mkuu aliyekuwa hana dakika tano za kunisikiliza akapata nafasi ya kuniita ofisini. Tunza kila karatasi, mama. Vipimo, barua, majina ya dawa, tarehe za degedege kama zipo. Neno la mdomo hukanwa.

Najua utaniambia huko kwenu hakuna kituo. Wazazi wangapi mnakaa pamoja kwenye foleni ya kliniki mkitazamana kimya? Chukua namba za wawili. Kutaneni sebuleni kwa mmoja wenu, mwalikeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje mara moja aoneshe namna ya kumbeba na kumkalisha kila mtoto, na mmoja wenu arekodi kwa simu. Hicho tayari ni kituo. Waachieni na ndugu wa watoto hawa nafasi ya kusema, kwa sababu wanaona kila kitu na hakuna anayewauliza.

Na akina baba, tafadhali. Nimechoka kuingia vyumba vilivyojaa kanga na mabegi ya nepi bila suruali hata moja. Mtoto anaongezeka uzito na mgongo wa mama ni uleule. Mwambie mumeo si lazima aje kuzungumza hisia zake; aje ajifunze kumnyanyua mwanawe bila kumuumiza wala kujiumiza.

Wewe uliyeniandikia, ukipata mahali, kabla ya kulipa chochote uliza kama utaruhusiwa kuwa chumbani mtoto anapohudumiwa, na kama kuna mzazi katika uongozi wao. Nenda na kijiko alichokizoea na nguo ya kubadili. Wakikukatalia kuingia, niandikie siku hiyohiyo, tutafute pengine.