Re: Kifuko cha seli za insulini kinaweza kuondoa sindano?

Ndugu, umeuliza kwa nini, ikiwa seli zinazotoa insulini zinaweza kufungwa ndani ya kifuko na kupandikizwa mwilini, mbali na kinga ya mwili, bado mwanao mwenye kisukari anadungwa sindano kila siku. Swali zuri sana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1980 watafiti Lim na Sun waliwawekea panya wenye kisukari seli za kongosho zilizofungwa ndani ya vidonge vidogo vya aljineti, utomvu unaotokana na mwani. Utando wa vidonge hivyo una matundu madogo mno: glukosi (sukari ya damu) inaingia, insulini inatoka, lakini seli za kinga haziwezi kupenya.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni hewa. Seli za beta, yaani zile za kongosho zinazotoa insulini, hula oksijeni nyingi, na ndani ya kifuko hakuna mishipa ya damu. Oksijeni husafiri chini ya robo milimita hivi kwenye tishu, kwa hiyo ukizirundika seli, za katikati hufa. Ukizitawanya, kifaa kinakuwa kikubwa kupita kiasi! Halafu mwili hukiona kitu kigeni na kukizungushia kovu, basi hata ile oksijeni kidogo inazibwa.

Kuna vifaa vinavyoacha mishipa ya damu iingie ndani. Seli hupumua vizuri zaidi, ila kinga nayo inazifikia, hivyo dawa za kuishusha zinarudi, na kwa mtoto hizo ni mzigo mzito. Kwa sasa mwanao asiache insulini yake hata siku moja.