Mwanangu, Witzenhausen ndivyo ulivyo

Mwanangu,

Marahaba. Kwenye simu uliniuliza huo mji uliopata nafasi ya kusoma ukoje, na kama ni kweli ndiko walikofundishwa Wajerumani waliokuja kufungua mashamba kwetu. Nilipojibu "kweli" ulinyamaza, nikaona nikuandikie.

Witzenhausen ni mji mdogo wa jimbo la Hessen, watu takriban 15,000, kama kilomita 30 mashariki ya Kassel. Umekaa bondeni kando ya mto Werra, na vilima vyake vimejaa miti ya cheri. Aprili vyote vinageuka vyeupe. Julai kuna sherehe ya cheri, na watu wazima na akili zao wanashindana kutema kokwa, nani aifikishe mbali. Utacheka, halafu utajaribu.

Sasa hilo lililokunyamazisha. Shule ya Kikoloni ilianzishwa mwaka 1898 chini ya mchungaji Ernst Albert Fabarius, kwenye majengo ya monasteri ya zamani. Vijana walifunzwa kilimo, mifugo na kazi za mikono ili wakasimamie mashamba makoloni. Pima mwenyewe: mkonge ulikuwa umeshaingizwa kwetu na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1905 watu wa kusini walipochoka na pamba ya kulazimishwa, vita vya Maji Maji vikaanza. Darasa kule likaendelea. Wahitimu walikusanya vitu vya watu huko walikokwenda, na mji una makumbusho yake mpaka leo. Kaingie, usikwepe.

Shule ilifungwa 1944. Majengo hayo leo yana kitivo cha kilimo hai cha Chuo Kikuu cha Kassel, ambako uprofesa wa kwanza wa fani hiyo ulianzishwa mwaka 1981. Kuna nyumba ya vioo ya mimea ya kitropiki. Nilipokuta mbuni umepashwa joto na kunyunyiziwa maji, umetunzwa kuliko mibuni yote ya babu yako kule Moshi, nilikasirika kwelikweli. Halafu nikachukua daftari. Ubwana shamba wangu wote, mboji, kunde kati ya mahindi, nilijifunzia hapo, na wakulima waliofaidika ni wa kwetu.

Panda pia hadi ngome ya Ludwigstein. Ng'ambo utaiona ngome ya Hanstein, na kati yao ulipita mpaka wa Ujerumani mbili. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wamarekani na Wasovieti walishika kila mmoja eneo lake; Wamarekani walikuwa na reli iliyokatisha kipande kidogo cha eneo la Wasovieti, basi tarehe 17 Septemba 1945, kwenye mji wa Wanfried, wakabadilishana vijiji: Wamarekani wakapata viwili, wakatoa vitano. Werleshausen, chini ya Ludwigstein, ni kimojawapo cha hivyo viwili, na sasa ni sehemu ya Witzenhausen. Wanakijiji hawakuulizwa. Sisi tuliochorewa mipaka na wageni hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu sauti yako huko: meya huchaguliwa na wakazi wenyewe kwa miaka sita, si na madiwani kama kwetu, na baraza la mji kwa miaka mitano. Wewe hutapiga kura hizo. Ni za Wajerumani na raia wa Umoja wa Ulaya. Ila sheria ya Hessen inataka mji wenye wakazi wa kigeni zaidi ya 1,000 uwe na baraza la wageni, au kamati ya kushughulikia mambo yao. Ulizia manispaa. Vikao vya baraza la mji navyo viko wazi kwa yeyote. Kaa nyuma usikilize wanavyobishana kuhusu maegesho. Kijerumani changu kilikomaa hapo kuliko darasani.

Na takataka, mwanangu! Huo ndio mji ulioanza majaribio ya pipa la mabaki ya jikoni Ujerumani, mwaka 1983. Tangu 2015 sheria inadai mabaki hayo yatengwe nchi nzima. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, alikuwa akifunua pipa la jengo letu kila asubuhi, anachokoa mfuko wa plastiki kwa vidole viwili, anauning'iniza kwenye mpini ili mwenyewe auone. Maganda ya ndizi yaende pipa la mabaki, mfuko usiende.

Treni inasimama Witzenhausen Nord, ng'ambo ya mto, kwa hiyo usifungashe sanduku zito. Baba yako anasalimu, anauliza kama viza umeshaombea.

Mama